Mbao Moja Chini ya Meza

"Hesabu tena," alisema Milcah Gakii.

Carolyne alivuta glavu zake vizuri, akahesabu kwa kidole bila kugusa. Trei ilikuwa na matundu kumi na mawili yaliyotandikwa kitambaa cheusi. Dinari za fedha zilikuwa kumi na moja. Tundu la saba lilikuwa tupu, kama lilivyokuwa tangu Alhamisi.

"Kumi na moja, Madam. Hazitaongezeka tukizitazama."

"Nimewahi kuona mambo yakiongezeka yakitazamwa."

Gakii alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alikuwa amefanya upelelezi katika polisi ya Kenya miaka kumi na tisa kabla ya kuja Doha. Sasa alichunguza mambo ya ndani ya kampuni ya walinzi: nani alilala zamuni, nani aliacha lango wazi, nani alimpiga nani bwenini. Leo alikuwa na kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Alikuwa ametumwa kuthibitisha kwamba maiti ni mwizi.

Maiti alikuwa Nahashon Wanjohi, mlinzi wa mchana wa jumba hili la Al Rayyan, ambamo Bi Hessa aliweka makusanyo yake ya vitu vya kale. Jumanne iliyopita Nahashon alimaliza zamu, akarudi chumbani kwake Muaither, akala, akalala. Hakuamka. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Siku mbili baadaye trei ikafunguliwa, na mlinzi pekee aliyekuwa ndani siku ile hakuwepo kujibu. Watu ni wepesi wa kumtwika maiti mzigo, kwa sababu hatikisi kichwa kukataa.

"Nieleze hiyo iliyopotea," Gakii alisema. "Nieleze kama mtu ambaye hajasoma."

Carolyne alikuwa msajili wa makusanyo, binti wa Nakuru mwenye miaka thelathini na miwani ya bei. Alimwonyesha picha kwenye tableti. "Ilipigwa miaka hamsini hivi kabla ya Kristo, wakati Kaisari anaingia vitani na Warumi wenzake. Alihitaji fedha ya kuwalipa askari. Upande huu ni vyombo vya makuhani wao: upawa, kinyunyizio, shoka, kofia. Na upande huu ni ndovu."

Ndovu alikuwa ameinua mguu wa mbele. Chini ya mguu palikuwa na nyoka aliyejikunja, na chini ya nyoka herufi za jina la Kaisari.

"Anamkanyaga?"

"Anamkanyaga. Wengine husema yule si nyoka, ni tarumbeta ya vita ya maadui. Mimi naona nyoka."

Gakii alizitazama zile nyingine kumi na moja. Palikuwa na tausi aliyetandaza mkia. Palikuwa na mikono miwili iliyoshikana. Palikuwa na mbwa mwitu jike akiwanyonyesha watoto pacha. Hakuna iliyozidi ukubwa wa kifungo cha koti, na kila moja ilikuwa imebeba jambo zima.

"Jumanne zilitolewa kwa nini?"

"Kupigwa picha. Chumba cha pili. Mpiga picha aliondoka saa saba u nusu. Mimi nikazirudisha kwenye trei, nikahesabu kumi na mbili, nikasaini, nikafunga. Fomu ni hii."

Fomu ilisema: *Zimerudishwa 12. Saa 8:05 mchana.* Sahihi ilikuwa nzuri, yenye mkia mrefu.

"Na Nahashon?"

"Alibaki peke yake na chumba hadi saa kumi na mbili." Carolyne alishusha macho. "Sisemi kitu, Madam. Nasema tu alibaki."

Kusema huko kulikuwa kumetosha siku tano nzima. Lisemwalo lipo, watu walisema kwenye gari la kampuni, na kama halipo laja. Bi Hessa mwenyewe hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa amesubiri, akaomba wamtafutie dinari yake kimya kimya, na jana akasema subira yake ingefika mwisho adhana ya alasiri leo. Baada ya hapo angekwenda polisi, na kila mtu alijua polisi wangeanza na nani. Pamela, mjane wa Nahashon, alifanya kazi kliniki moja ya Abu Hamour. Jina lake lingeingia kwenye mtambo wa uhamiaji, asingetoka nchini hadi kesi iishe. Ndege ya kumbeba mumewe ilikuwa inaondoka saa moja jioni, na kiti chake kilikuwa humo humo. Maziko yalikuwa Alhamisi, Nyahururu.

Mwaka wa korona Gakii alimzika mama yake kwa simu. Mtandao ulikatika jeneza likiwa nusu ya njia kwenda chini, na uliporudi watu walikuwa wanatandaza maua. Hakupenda kulikumbuka jambo hilo, na asubuhi ile alilikumbuka kila aliposoma saa.

*

Chumba cha lango kilikuwa na kiyoyozi kilichokohoa na dawati moja. Nyuma ya dawati alisimama Wasswa, Mganda wa miaka arobaini na mitano, aliyewahi kuwa mwanajeshi na bado alisimama kama yuko gwarideni. Alikuwa ameletwa Jumatano asubuhi kujaza pengo la msimamizi aliyekwenda likizo.

"Ulimfahamu marehemu, Afande?"

"Hapana, Madam. Mimi nilimukuta tu kwa kitabu. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kusoma mwandiko wake."

"Mwandiko wake ulikuwaje?"

"Safi. Wa mtu ambaye hakimbizwi."

Gakii aliomba kitabu cha magari. Alipitisha kidole hadi Jumanne. Gari la Carolyne lilikuwa limetoka saa nane kasorobo. Gakii alitoa daftari lake dogo na kuandika saa mbili, moja chini ya nyingine: kutoka langoni, 7:45, kuhesabu na kusaini, 8:05. Alizitazama kidogo, akafunga daftari. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo si lazima awe mwizi, na dinari ilikuwa bado haijaonekana.

"Kitu chochote kiliokotwa siku ile?"

Wasswa alimpa karatasi iliyochapwa kwa Kiingereza. Walinzi waliruhusiwa kuandika kitabu kwa lugha yao ya haraka, na msimamizi alitafsiri kila asubuhi kwa ajili ya ofisi. Orodha ya wiki ilikuwa na vitu vinne: miwani ya jua, chaja ya simu, kipande cha mbao kimoja, kifuniko cha kalamu. Gakii aliipitia, akairudisha.

"Kuna jambo jingine, Madam," alisema Wasswa. "Sipendi maneno ya watu, lakini dereva amesema. Jumatano asubuhi, kabla ya gari la maiti kufika, yule kijana aliyelala naye chumba kimoja alitoka na kifuko cha ngozi. Akakipeleka kwa mjane. Mimi nimetazama orodha ya vitu vya marehemu. Kifuko hakiko."

"Anaitwa nani?"

"Shaun Njenga."

*

Shaun alikuwa anapiga pasi shati la zamu kwenye kitanda cha chini. Kitanda cha juu kilikuwa kimetandikwa vizuri, na hakuna aliyekuwa ameweka kitu juu yake.

"Kifuko," alisema Gakii kutoka mlangoni.

"Kifuko gani, Madam?"

"Shaun."

Kijana alizima pasi. Mikono yake haikujua pa kwenda, akaikunja kifuani.

"Sikuiba, Madam. Ilikuwa chini ya mto wake. Kuna msee wa block ile ingine alikufa mwaka jana, saa yake haikufika home mpaka wa leo. Nikasema hii ya Nahashon, Baba Chelsea, aki, lazima ifike kwa bibi yake kabla wakuje kuandika."

"Na ulipoulizwa na ofisi ukasema hakuacha kitu."

"Niliogopa."

"Kilikuwa na nini ndani?"

"Sikufungua. Naapa. Nilisikia tu kwa mkono. Kitu round, ngumu. Kama pesa ya chuma."

Gakii alikuwa ameshika kazi hii akitaka, kinyume cha mafunzo yake yote, marehemu awe mtu safi.

"Siku zile za mwisho alikuwaje? Alikuwa na wasiwasi? Alinong'ona kwa simu?"

"Yeye? Alikuwa anaongea na mtoto kila jioni, hapo kwa ngazi, kwa sauti. Jengo lote lilikuwa linajua Chelsea amepata ngapi kwa hesabu." Shaun alitabasamu, kisha tabasamu likavunjika na akalifuta kwa kiganja. "Mtoto alikuwa anamuuliza, 'Daddy, mbao iko aje?' Na yeye anasema, 'Mbao iko poa, imelala.' Kila siku hivyo hivyo. Nikajua wanajenga huko home. Si kila mtu hapa anajenga?"

"Kila mtu anajenga," Gakii alikubali. Aliandika neno *ujenzi* kwenye daftari na alama ya kuuliza. Mtu anayejenga ana haja, na mtu mwenye haja hutazamwa mara mbili. Hakufurahia kuliandika.

Shaun alimsindikiza hadi kwenye ngazi. "Madam, ni mimi nilimguza asubuhi nikidhani amechelewa. Alikuwa amekunja uniform yake kwa kiti. Mtu wa kuiba anakunja uniform hivyo?"

Gakii alimshika bega.

*

Ilikuwa saa saba na robo alipobisha Abu Hamour. Mlango ulifunguliwa na Pamela mwenyewe, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake sanduku lilikuwa wazi sakafuni.

"Karibu, Madam Gakii. Niliambiwa utakuja. Kaa, nikuwekee chai."

"Mama Chelsea, usijisumbue."

"Nisipoweka chai nitafanya nini?"

Gakii alikaa. Alikunywa chai, maana kuikataa kungekuwa ukatili, na aliuliza swali lake kikombe kikiwa nusu.

"Shaun alikuletea kifuko."

"Aliniletea." Pamela hakusita hata kidogo. Alikwenda kwenye mkoba wake wa safari, akatoa kifuko cha ngozi ya kahawia kilichopauka, akakimimina juu ya shuka.

Vitu vitatu vilianguka. Picha ya pasipoti ya msichana asiye na meno mawili ya mbele. Rozari. Na sarafu. Sarafu ilijiviringisha kidogo, ikalala chali, na juu yake palikuwa na ndovu.

Kwa pumzi moja Gakii hakuona kingine. Aliona kila kitu kimekwisha: ripoti, polisi, jeneza likisafiri peke yake. Kisha akaichukua. Ilikuwa kubwa mno, nene mno, ya rangi mbili, na ndovu wake hakuwa na nyoka. Aligeuza upande wa pili, akasoma: Jamhuri ya Kenya.

"Hii ni pesa ya kwetu?"

"Si ni mbao, Madam, shilingi ishirini," alisema Pamela. "Hujawahi kuiona?"

"Ninayoijua ina kichwa cha rais. Nikienda nyumbani nalipa kila kitu kwa simu, hata mboga."

"Walibadilisha. Siku hizi ni wanyama. Twiga, kifaru, simba. Mbao ndiyo iko na ndovu." Pamela aliichukua, akaifuta kwa pindo la gauni ingawa haikuwa chafu. "Chelsea alimpa siku alirudi huku mara ya mwisho. Akamwambia, 'Daddy, hii ni nauli yako ya kurudi.' Shilingi ishirini! Tulicheka hadi uwanja wa ndege."

Wote wawili walitazama sanduku. Juu ya nguo palikuwa na suti ya kiume, mpya, bado na lebo ya bei.

Simu ya Pamela ililia. Aliitazama, akamkabidhi Gakii. "Ni Eugene, ndugu ya Nahashon. Ametuma ile programu ya mazishi. Naomba unisomee kama majina yako sawa. Mimi macho yangu leo hayasomi."

Gakii alisoma. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akabatizwa, akaoa. Kisha: *Mwaka wa 2017 marehemu alisafiri hadi nchini Qatar, ambako alifanya kazi ya ulinzi katika yadi kubwa ya mbao hadi kifo chake.*

Alisoma sentensi ile mara mbili. Jumba la Bi Hessa lilikuwa na marumaru, vioo na mitende ya bustanini. Yadi ya mbao haikuwepo hata ya dawa.

"Mama Chelsea. Kwa nini wamesema yadi ya mbao?"

Pamela alijaribu kucheka. "Ni yeye mwenyewe! Alikuwa amezipatia zile pesa za kale majina. Kuna Tausi, kuna Mikono, kuna Pacha. Ile ya ndovu akaiita Mbao, kwa sababu ya hii ya Chelsea. Unajua anasimama hapo mbele yazo masaa kumi na mawili, hana mtu wa kuongea naye. Sasa akamwambia mtoto, 'Daddy analinda mbao.' Chelsea akatangazia shule nzima. Nyahururu yote inajua Nahashon analinda yadi ya mbao Arabuni. Akasema wawache hivyo hivyo, si vizuri mtoto atangaze baba yake analinda hazina."

Gakii aliweka kikombe chini polepole. Mbao iko poa, imelala. Na kipande cha mbao kimoja.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha makonstebo wapya kwamba ushahidi uliotafsiriwa si ushahidi mpaka uuone kwa mwandiko wa aliyeutoa. Asubuhi ile alikuwa amepokea karatasi ya Kiingereza, akaipitia kwa macho, akairudisha. Alijionea haya.

"Vaa viatu," alisema. "Kuja na kitambulisho. Na sanduku lifunge kabisa, tutalipitia tukirudi."

*

Wasswa aliwaona wakiingia na akajua kutokana na mwendo wa Gakii kwamba kuna jambo.

"Afande, kitabu cha vitu vilivyookotwa. Si ile karatasi yako. Kitabu chenyewe."

Kilikuwa chini ya dawati, kitabu kigumu chenye mgongo mwekundu. Jumanne ilikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko safi wa mtu asiyekimbizwa. Gakii aliusoma kwa sauti.

"*Mbao moja. Chini ya meza ya picha. Saa 9:07 mchana. Imefungwa kwa bahasha, imewekwa sandukuni. N. Wanjohi.*"

"Ndiyo, Madam," alisema Wasswa. "Mbao. Nikaandika kipande cha mbao. Nilijua ni kipande cha fremu."

"Kwenu Uganda mbao ni nini?"

"Mbao ni mbao. Ya kujenga."

"Kwetu pia. Na ni shilingi ishirini. Na shilingi ishirini ina ndovu."

Wasswa alimtazama yeye, akamtazama mjane, akatazama kitabu. Midomo yake ilisogea kabla sauti haijatoka. "*Enjovu*," alisema kwa lugha yake, yaani ndovu. Akakaa kwenye kiti, ambacho hakuwa amekikalia mbele ya mkubwa tangu afike.

"Lakini kwa nini hakuandika sarafu? Kama angeandika sarafu, Madam, hata mimi..."

"Fungua ukurasa wa kwanza."

Kwenye ukurasa wa kwanza palibandikwa karatasi ya maagizo, na sahihi chini yake ilikuwa nzuri, yenye mkia mrefu. Agizo la nne lilipigiwa mstari kwa wino mwekundu: kitabu hiki husomwa na madereva na wageni, kwa hiyo mlinzi asiandike ndani yake jina la kitu chochote cha thamani.

"Alifuata amri," alisema Gakii. "Msimamizi wa kawaida, Onyango, angesoma mbao na kukimbia. Lakini Onyango yuko likizo, ukaja wewe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lete funguo za sanduku la vitu vilivyookotwa."

"Madam, mimi nilikuwa nakaa karibu na hili sanduku siku sita. Nikisikia watu wanamwita mwizi, na mimi nasikiliza."

"Lete funguo, Afande."

Walimwita Carolyne kwanza, kwa sababu sanduku lilipaswa kufunguliwa mbele ya msajili. Alikuja haraka. Bi Hessa, aliyekuwa amefika kungoja alasiri yake, alimfuata nyuma na kusimama mlangoni, mikono ndani ya abaya.

Ndani ya sanduku la chuma mlikuwa na miwani, chaja, kifuniko cha kalamu na bahasha ndogo ya kaki iliyogundishwa kwa utepe pande zote. Juu ya bahasha mwandiko ule ule ulisema: *Mbao 1. Nimempigia Madam Carol mara tatu, hajashika. Isishikwe kwa kidole kitupu.*

Carolyne alichukua glavu. Ya kwanza ilimkwama vidoleni, ikabidi Pamela, aliyezoea glavu za kliniki, amsaidie kuivuta. Bahasha ilikatwa ubavuni. Kilichotoka kilikuwa kimekunjwa ndani ya tishu nyeupe, mara nne, kona kwa kona, kama anavyokunja mtu anayekunja hata sare yake ya kazi.

Ndovu alikuwa na mguu juu. Nyoka alikuwa chini yake.

Nje, msikiti wa karibu ulianza kuadhini alasiri.

"Saa nane kasorobo gari lako lilitoka langoni," Gakii alimwambia Carolyne. Hakupandisha sauti. "Saa nane na dakika tano ukahesabu kumi na mbili. Ulihesabia wapi? Barabarani?"

"Mtoto alikuwa anatapika shuleni. Walinipigia. Nilisaini nikifunga, nikajaza saa baadaye. Nilijua ziko zote, Madam. Nilikuwa na uhakika."

"Na simu tatu za Nahashon?"

"Niliziona jioni. Nikasema nitampigia kesho." Machozi yalikuwa yanamshuka chini ya miwani. "Kesho akawa amekufa. Na Alhamisi tundu likawa tupu, na nikisema sikuhesabu, kazi yangu... Nikanyamaza tu. Sikusema ameiba. Sikusema hivyo hata mara moja."

"Ulisema alibaki peke yake."

Carolyne alimgeukia Pamela. "Dada, nisamehe."

Pamela alikuwa bado ameshika glavu ya pili. Aliiweka juu ya dawati na kuinyoosha vidole, kimoja kimoja. "Siwezi leo," alisema. "Labda siku nyingine. Leo niko na kazi."

Bi Hessa aliomba atafsiriwe yote, na Gakii akamtafsiria kila kitu, hata yadi ya mbao. Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasogea, akamshika Pamela mikono yote miwili na kumwombea marehemu rehema kwa Kiarabu, na akasema hataki kwenda popote isipokuwa kumwona mjane akiondoka kwa amani. Alikuwa analia pia. Gakii alitazama pembeni.

"Bado sahihi," alisema Wasswa kwa sauti ndogo.

"Sahihi gani?"

"Kitu kikitoka sandukuni, aliyekiokota anasaini kwamba amekikabidhi. Safu ya mwisho. Bila hiyo kitabu hakifungwi." Aliona aibu kwa kulisema, lakini alilisema, maana alikuwa mtu wa kanuni. "Najua hayuko. Nauliza tu tuandike nini."

Gakii alikigeuza kitabu na kukisukuma upande wa Pamela, kalamu juu yake.

Pamela aliusoma mstari ule wote, kutoka *Mbao moja* hadi *N. Wanjohi*. Alipitisha kidole juu ya mwandiko bila kuugusa, kama watu walivyofundishwa kufanya na vitu vya thamani katika nyumba ile. Kisha akaandika kwenye safu ya mwisho: *Imekabidhiwa. Kwa niaba yake, mkewe.* Akaweka sahihi. Wasswa alisimama wima hadi alipomaliza.

Walikuwa wamefika kwenye gari simu ya Pamela ilipolia tena. Alibonyeza spika ili Gakii asikie, kwa kuwa bado hakuyaamini masikio yake.

"Shemeji," sauti ya Eugene ilisema kutoka Nyahururu, na nyuma yake mashine ya kuchapa ilikuwa inanguruma. "Niko hapa kwa saiba. Huyu kijana anataka kuchapa mia tatu. Kuna kitu ya kubadilisha, ama iko sawa? Hapo kwa kazi tumeandika yadi ya mbao."

Gakii alimtazama, tayari kuichukua simu na kueleza: Kaisari, ndovu, miaka elfu mbili, na mtu aliyeinama chini ya meza akaokota na kuandika. Pamela alitikisa kichwa.

"Iko sawa, Eugene," alisema. "Chapa hivyo hivyo. Alikuwa analinda mbao."